Shangazi Mjuaji: Likizo ya Kiwandani

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu hajui kupumzika. Desemba majirani wanakwenda Zanzibar kulala ufukweni. Sisi tulishapelekwa Moshi kutazama miwa ikisagwa, na mwaka huu tunapelekwa Tanga kuona korona za mkonge. Mimi na watoto tumegoma. Yeye anasema mkonge ndio ulioijenga nchi. Nifanyeje? – Mama Wawili, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Pole. Sasa niache nimtetee huyo bwana kidogo, maana mahali hajakosea. Amekosea ratiba.

Kisa cha mkonge kinashinda tamthilia zote unazokesha nazo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62. Humo ndimo yalimotoka mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika iongoze dunia kwa zao hilo. Na korona yenyewe (si ugonjwa, tulia) ni mashine inayolidaka jani, ikaliponda na kulikwangua huku maji yakimwagika, mpaka zibaki nyuzi tupu. Kisha nyuzi huanikwa juani kwenye kamba, zikakauka nyeupe, ndipo zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Msimamishe mwanao mbele ya trekta lililosheheni majani, halafu mwonyeshe kifungu kinachotoka upande wa pili. Asilimia alizokuwa akizililia darasani zitamwingia hapo hapo, bila fimbo na bila masomo ya ziada. Ila nikuonye: yale majimaji ya kijani yanayotiririka chini ya mashine yana harufu ambayo siwezi kuieleza kwenye gazeti linalosomwa mezani.

Masharti ya kumpa mumeo ni haya. Kiwanda kimoja kwa safari moja. Apige simu kabla, kwa kuwa shamba la mkonge si makumbusho na hakuna aliyeketi getini kuwasubiri. Mwende asubuhi siku ya kazi. Ukienda Jumapili utakuta mashine imelala na mlinzi naye amelala. Ikifika saa sita mchana, kiwanda kimeisha, mnakwenda kuogelea Raskazone, na kesho yake ni mapango ya Amboni. Akianza kutaja kiwanda cha saruji, mwambie umesikia kinafanyiwa matengenezo.

*Shangazi, mimi nina miaka 15. Tulitembelea kiwanda cha chai huko Kericho, na baba akauliza maswali mpaka mtembezaji akatafuta kiti. Watu walikuwa wanakohoa. Nitamnyamazishaje? – Mwenye Aibu, Nakuru*

Humnyamazishi. Mwekee mgao: maswali matatu, uyachague wewe. La kwanza, kwa nini majani yaliyochumwa hunyaushwa kwa saa nyingi kabla ya kukatwakatwa? (Yapoteze maji, yalainike.) La pili, rangi ya kahawia inatoka wapi wakati jani ni kijani? (Hewa ndiyo inayofanya kazi, hakuna aliyetia rangi.) La tatu, kilo ngapi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai? (Nne hadi tano.) Swali la bonasi ya wakulima asiliguse kabisa. Mtakosa chakula cha mchana.

*Shangazi, nimezaliwa Chake Chake, sasa naishi Harrisburg, Pennsylvania. Nataka kuwapeleka watoto mji wa Hershey, wakaone chokoleti inavyotengenezwa. Wataziona mashine zenyewe? – Mpemba wa Mbali*

Hawatoziona, mwanangu. Ziara za ndani ya kiwanda zilikoma mwaka 1973, na pakafunguliwa Chocolate World: unapanda kigari, ng'ombe wa bandia wanakuimbia, na njia yote inakwenda kukumwaga dukani. Kupanda hulipi. Kushuka, kwa mwenye watoto, ndiko kwenye gharama. Nenda, watafurahi. Lakini usiwaambie wameona kiwanda, kwani walichoona ni tangazo lenye magurudumu.

Mimi napima kwa pua na masikio. Pasipo kelele wala harufu, hapo umeingia dukani. Ukija likizo, wapeleke Wawi, pale karibu na kwenu, penye kiwanda cha makonyo. Vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa hutiwa kwenye matangi, mvuke ukapitishwa, yakatoka mafuta. Watarudi Marekani nguo zinanukia karafuu. Nawe umekulia jirani na hapo, na naweza kuapa hujawahi kuingia.

*Shangazi, mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Wageni huletwa na watoto wao, wakatupiga picha bila hata salamu, kana kwamba sisi ni pundamilia. Juzi mama mmoja alimwambia mwanawe mbele yangu, "Soma kwa bidii, usije ukaishia hapa." Nami nina wanangu watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka geti letu. – Mama wa Zamu ya Usiku*

Huyo mama alikuja akiwa amevaa, au? Basi aulizwe nani alimfumia kitambaa.

Wasomaji wangu mnaopanga safari za Desemba, "habari za kazi" haitozwi kodi. Picha huombwa. Mshahara wa mtu hauulizwi meneja akiwa amesimama pembeni na tabasamu.

Na wewe, dada, andika barua ya kuomba wanao waje siku moja, mchana, uongozi ujue. Wavae viatu vya kufunika vidole, nywele zifungwe, na kanga isikaribie mashine. Uzi ukikatika, usimwite fundi wala usieleze kitu. Wao watazame tu mikono yako inavyoudaka na kuuunga kabla hawajapepesa macho. Meneja akikujibu kuwa watoto hawaruhusiwi kwa sababu za usalama, mkumbushe kwa upole kwamba hata wale wa wageni wana vidole.