Heko, Mwenye Futikamba

Tumpe heko mpiga bluzi mtarajiwa ambaye bado anachagua gitaa la umeme kwa kupima urefu wa nyuzi zinazotetemeka. Fender Mustang, inchi 24? Au Gibson, inchi 24.75? Stratocaster yenye inchi 25.5 hataki hata kuisikia: robo tatu ya inchi ikizidi, huzuni yote hukwama njiani. Hata fundi wa suti za harusi hapimi hivyo. Maskini Muddy Waters, gwiji wa bluzi! Alipiga Telecaster ya inchi 25.5 kule Chicago, hakuna aliyemwonya. Mpiga bluzi mwenzake, Hound Dog Taylor, naye alishika gitaa la bei chee kutoka Japani, watu wakacheza kwa kukosa ujuzi wa vipimo. Msomaji, ukikutana na mpimaji wetu, msalimie kwa heshima. Ila usimwombe apige.