Kutoka Wanda hadi Shubiri

Pipa la mafuta la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 57 na kitu. Gurudumu la inchi 13 lililovishwa tairi ya 155 linakaribia 58. Hesabu hii ndogo imeninyima usingizi tangu kiangazi, na hapa Kinakomba hakuna aliye tayari kuisikiliza.

"Mwalimu, kata pipa," aliniambia jirani siku ya kwanza. "Kata pipa," akasema kijana wa bodaboda aliyeniletea bolti kutoka Hola. Hata mama muuza maembe, aliyekuja kudai pesa zake tu, alisimama akaangalia, akasema, "Si ukate pipa?" Nikiwaeleza kwamba tairi haiwezi kuingia ndani ya kitu kidogo kuliko yenyewe, wananitazama vile nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi walioniambia mbuzi amekula daftari.

Ninachotafuta ni madigadi za gari langu. Si gari la dukani. Ni la kujiundia, mfano wa Lotus Seven ya Colin Chapman iliyoanza kuuzwa mwaka 1957: boneti ndefu, kiti kimekaribia lami, na magurudumu ya mbele yametoka nje ya bodi kama miguu ya chura. Mwaka 1996 Mwingereza mmoja, Ron Champion, alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu kujitengenezea gari la namna hiyo kwa pauni 250. Mimi nilikisoma nikiwa nimestaafu, na kustaafu, ndugu zangu, ni hatari kuliko mamba.

Mama watoto aliponiuliza kama akili yangu ni nzima, nilimkumbusha kwamba mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa mbele ya taifa. "Na iko wapi?" akauliza. Nikanyamaza. Ila moyoni nilipata faraja: ikiwa gari la chuo kizima halikuwahi kufika madukani, langu likiishia chini ya mwembe sitakuwa nimeaibika peke yangu.

Injini na ekseli nilizitoa kwenye Datsun 1200 ya shemeji, pikapu ambayo kuku walikuwa wameigeuza wodi ya uzazi. Fremu ilichomelewa bila vituko. Ni madigadi zilizonikomesha.

Kwa tamaa ya macho nilichagua zile ndogo zinazoikumbatia tairi. Hazifungwi kwenye bodi. Hushikwa na vyuma vinavyotoka kwenye sahani ya breki, kwa hiyo gurudumu likipanda nazo hupanda, ukikata usukani nazo hukata, kama ya pikipiki. Ndiyo maana nafasi kati yake na tairi inaweza kuwa nyanda mbili tu, yaani upana wa vidole viwili. Nyanda mbili! Nilipenda kuitamka.

Sasa, kipande cha pipa, hata ukikipanua kikatosha, kina mkunjo wa upande mmoja. Ukikifunga juu ya tairi umepata mkokoteni. Madigadi ya kizamani hupinda pande mbili, kama mgongo wa karai, na bamba halipindi hivyo mpaka litanuliwe kwa nyundo. Fundi mmoja alinitajia bei ya ng'ombe mwenye maziwa. Nikamwendea mzee anayechonga mitumbwi kule mtoni.

Mzee hakuuliza gari litakwenda wapi. Alipitisha kiganja juu ya tairi mara mbili akiwa amefumba macho, akaondoka. Siku ya tatu akaleta kalibu ya gogo la mwembe iliyochongwa kwa tezo, laini kama goti la mtoto. "Huu ni mtumbwi uliopinduka," akasema. "Mafundi wenu wanaogopa nini?"

Bamba la alumini nililileta kwa basi kutoka Malindi, na utingo akalitoza nauli ya abiria ingawa lilisimama njia nzima. Alumini ikigongwa huwa ngumu, hukataa, mwisho hupasuka. Dawa yake ni kuipaka sabuni ya mche, kuipitishia moto wa gesi mpaka sabuni iwe nyeusi, halafu kuiacha ipoe. Hapo inalainika tena. Nililainisha mara tano. Mama watoto alihesabu miche. Nikagonga kwa nyundo ya mti juu ya gunia la mchanga, kisha nikakunja ukingo juu ya waya, kama mdomo wa ndoo, ili usipasuke. Zilipong'aa, niseme ukweli, nililala nazo chumbani.

Mvua ikanyesha usiku. Asubuhi nikatoka kwenda barabara kuu ya Garsen, nimevaa miwani. Sikufika mbali. Usukani ulianza kuwa mzito, halafu gurudumu la kushoto likagoma kabisa, la kulia likaliunga mkono. Kumbe matope ya Uingereza ni chai. Haya yetu yamesafiri na Tana tangu Mlima Kenya na Aberdare, yakabwagwa na mafuriko mashambani mwetu, na yakipata pahali pa kushika hayabanduki. Zile nyanda mbili zilijaa tope jeusi, likashindiliwa kama ugali sufuriani. Nikachokora kwa ncha ya panga huku nikipiga magoti. Mwiba wa mathenge ulionisubiri hapo sitaki kuueleza.

Yule kijana wa bodaboda akapita. Pikipiki yake, sasa naona, madigadi ya mbele ameinyanyua juu kabisa. "Mwalimu," akasema bila hata kushuka, "tope la huku halitaki kukumbatiwa. Acha shubiri."

Shubiri ya kupimia na shubiri ya kunywa, kumbe uchungu ni mmoja. Nimebomoa, nimerefusha vyuma, nimeviongezea mhimili maana vilikuwa vikitetemeka mpaka kuchanika. Gari sasa limeinua mabawa kama kuku aliyeona mwewe. Watoto wanalikimbiza wakiliita "Mama Vifaranga", na mimi najibu salamu.

Lakini juzi nimegundua limeinama upande. Nimekagua springi, nimekagua upepo, ziko sawa. Hatimaye nikakumbuka: madigadi ya kushoto ilipimwa kwa shubiri ya mzee wa mitumbwi, mwenye viganja kama makasia, na ya kulia kwa shubiri yangu, ya mshika chaki. Nikachukua rula nikapima tofauti.

Nyanda mbili.