Waraka kwa Wenye Kliniki za Meno Kampala

Waheshimiwa madaktari,

Mimi ni mgonjwa wenu. Mmetutua maumivu yanayomkesheza mtu mzima kama mtoto, na elimu yenu mmeitolea jasho. Kwa hiyo naomba mnivumilie nikiuliza jambo ambalo wateja hawaulizi na ninyi hamlitaji: mtu akizidiwa ghafla kwenye kiti chenu, nani atafanya nini katika dakika tano za kwanza?

Hatuji kwenu na meno matupu. Tunakuja na presha, kisukari, pumu, kifafa na mioyo iliyougua tangu utotoni. Ni hapa katika Hospitali ya Mulago, mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alipoitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote nne, na kutokana na mataya kama hayo dunia ikaijua saratani inayobeba jina lake. Mji wenye historia hiyo haufai kutibu kinywa kana kwamba hakina mwili. Hata hivyo, katika mapokezi mengi naulizwa namba ya simu na namna nitakavyolipa kabla ya kuulizwa dawa ninazomeza.

Tukio la kawaida ni kuzimia. Mgonjwa hulazwa chali, miguu ikainuliwa, akazinduka. Hatari ni kwamba wahudumu huzoea kudhani kila anayeanguka amezimia tu. Mwenye kisukari aliyejidunga insulini alfajiri, akangoja saa tatu bila kula kwa sababu daktari yuko kwenye kliniki yake ya pili, sukari yake itashuka. Dharura hiyo haikuanzia kwenye kiti; ilitengenezwa kwenye benchi la kungojea.

Halafu kuna mzio mkali: midomo inavimba, pumzi inabana, presha inaporomoka. Mtu mzima huhitaji nusu miligramu ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upesi. Asiwepo wa kujifariji kwamba ganzi yake tayari ina adrenalini. Kichupa cha ganzi cha mililita 1.8 chenye adrenalini ya 1 kwa 80,000 kina kiasi kidogo mno; ingebidi vichupa zaidi ya 20 kufikia dozi hiyo, na ganzi iliyomo ingemdhuru mgonjwa kwanza.

Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano au sita, hakuhitaji mashine. Kunahitaji mikono iliyofundishwa. Nanyi mnaijua jamu ya magari ya Wandegeya na ya Jinja Road saa za jioni. Ambulensi ikija, itakuta mlichofanya au mlichoshindwa kufanya.

Mtasema mambo haya hutokea kwa nadra. Ni kweli, na ndiyo sababu yanahitaji mazoezi: mkono husahau usichokifanya. Mtasema gharama. Adrenalini, aspirini, glukosi na pampu ya salbutamoli zinauzwa katika maduka ya dawa ya mji huu, na bei yake haifikii ya televisheni mliyotuwekea ukutani. Mtungi wa oksijeni ni ghali zaidi, lakini wanaolipisha kung'arisha meno wanaumudu. Ila sanduku la dawa lililofungwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwa daktari aliyekwama barabarani, halimwokoi mtu.

Ninaloomba ni hili. Muulizeni kila mgonjwa habari za afya yake, mpimeni presha kabla ya sindano. Sanduku likae mahali panapojulikana na wote, na tarehe za kuisha kwa dawa zikaguliwe kila mwezi. Kila mtu awe na kazi yake: mmoja abaki na mgonjwa, mmoja alete oksijeni na dawa, mmoja aite ambulensi, na mlinzi ashuke barabarani kuipokea, maana kliniki nyingi huelekezwa kwa jina la duka la jirani. Mlio ghorofa ya nne pasipo lifti, jaribuni leo kumteremsha mtu mzima kwa ngazi zenu. Kisha rudieni zoezi zima kila miezi mitatu, pamoja na binti wa mapokezi.

Nalo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalohuisha leseni kila mwaka, lisiridhike na vyeti vilivyotundikwa. Liombe kuonyeshwa zoezi.

Mimi nimekwisha kuamua. Kabla sijafungua kinywa nitauliza oksijeni iko wapi na nani amefunzwa kuitumia. Daktari mwenye jibu nitamsifia kwa ndugu na majirani. Asiye nalo nitamuaga kwa adabu, niende na jino langu bovu kwa mwenzake.

Wasalaam,
Mgonjwa wenu, Kampala