Tangi la Mimea kwa Anayeanza Gitega: Samaki Waje Mwisho

Ndugu msomaji wa Gitega, nawe wa Muyinga, anza kwa kupima meza yako. Tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54 za maji. Hizo ni kilo 54, na hapo hatujaweka mchanga, mawe wala kioo chenyewe. Kabati la vyombo la mama halitastahimili, na likistahimili, mama hatakubali. Mwendee fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma. Kioo mpelekee fundi wa vioo, umwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha tangi likae mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Kesho yake atakuapia kwamba limeshakauka. Wewe nusa. Likinuka bado, rudi nyumbani mikono mitupu.

Suala la samaki tulimalize mapema, maana hapo ndipo wengi huharibu. Burundi ina jina kubwa kwa wafuga samaki wa dunia nzima. Pierre Brichard, Mbelgiji, alisafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na yuko samaki mmoja, Neolamprologus brichardi, anayebeba jina lake mpaka leo. Kwa hiyo kila anayeanza hutaka sikilidi, yaani samaki wa jamii hiyo, wa ziwani. Nakusihi, waache huko. Wamezoea maji magumu yenye pH ya karibu 9 na joto la nyuzi 25 hivi. Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Muyinga iko juu zaidi, na udongo wetu wa milimani una asidi. Tena wengi wao ni samaki wa mawe. Mimea si makazi yao. Mapenzi kwa ziwa letu yasikufanye umpandishe mlimani asiyeuomba mlima. Tafuta barbasi wadogo au samaki wengine wadogo wapendao maji laini. Ila usiwavue ndani ya Hifadhi ya Ruvubu: pale ni nyumbani kwao kisheria.

Sasa udongo. Chukua wa shamba lisilowekwa mbolea, uchekeche, utandaze sentimita tatu. Juu yake weka mchanga wa mto wa kina hichohicho. Mchanga huo uoshe kweli: jaza ndoo nusu, koroga kwa mkono, mwaga. Maji ya kwanza yatatoka mekundu kabisa. Endelea mpaka mkono ukiwa chini ya ndoo uzione kucha zako zote tano. Ukishapanda, laza sahani juu ya mchanga na umimine maji polepole juu ya sahani, la sivyo udongo utafumuka na bustani yote iwe tope. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza, klorini ipungue.

Panda kwa wingi tangu siku ya kwanza. Valisneria, yenye majani marefu membamba, ikae nyuma. Seratofilamu haina mizizi, iache ielee. Hukua haraka na kuunyang'anya mwani chakula chake. Balbu ya LED iwake saa nane kwa siku. Anayewasha mchana na usiku ili mimea ishibe, atashibisha mwani.

Umeme ukikatika, mtihani unaanza. Mimea hutoa oksijeni kwenye mwanga tu. Gizani nayo huivuta kama samaki. Pampu ya hewa ikizimika usiku, wote wanagombea kilekile kidogo kilichomo. Ndiyo maana nasisitiza samaki wachache, na kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ndogo yenye betri ya akiba. Usiku wa kiangazi, Juni na Julai, lizungushie tangi blanketi. Jirani atauliza kama samaki wana malaria. Mwambie hapana, wanasikia baridi ya Gitega kama yeye.

Kisha subiri wiki nne mpaka sita bila samaki. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wageni hawasubiri. Mjomba atakaa mbele ya tangi, atainama, atauliza: "Wako wapi?" Mjibu kwa heshima zote: "Mjomba, wenyeji hawajamaliza kuhamia." Wenyeji hao ni bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Tia chembe ya chakula cha samaki kila siku ili wapate cha kuanzia. Na sponji yao ioshe kwa maji uliyoyatoa tangini, kamwe isioshwe bombani, maana klorini itawaua.

Samaki wanunue watatu wanne kwanza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, hivyo beba ndoo yenye kifuniko, maji theluthi moja, hewa sehemu iliyobaki, na safiri asubuhi kabla jua halijawaka. Kutoka Gitega hadi Muyinga kwa njia ya Karuzi, fungua kifuniko kila gari linaposimama.

Mimea ikizidi, na itazidi, usiimwage mtoni. Maji ya Mto Ruvubu yanaingia Mto Kagera, na Kagera inaingia Ziwa Viktoria, ambako gugumaji limewasumbua wavuvi tangu mwisho wa miaka ya 1980. Gugu hilo lililetwa Afrika kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Mimea yako ya ziada ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha iweke chini ya migomba.