Namna ya Kuokoka Mpaka Mangi Ajue

Vifaa vinavyohitajika: chenji, miguu ya kukufikisha dukani, simu yenye salio, na mdomo unaoweza kunyamaza. Stika ya gari si lazima. Fulana ya kwaya si lazima. Biblia unayo tayari, na yote yafuatayo yamo humo.

Anza dukani. Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una Mangi wake, hata kama mwenye duka si Mchaga, na kila Mangi ana daftari la mikopo. La mtaani kwetu ni kaunta buku lililolegea gamba, limefungwa kwa rababendi. Siku moja nililikuta wazi juu ya kaunta wakati nasubiri kupimiwa sukari. Humo majina ya ubatizo hakuna. Kuna Mama Pacha, kuna Fundi Bomba, kuna Bajaji Nyekundu, na katikati ya ukurasa, kwa wino mwekundu, pameandikwa: “Bwana Asifiwe, 18,400.”

Mangi aliniona nasoma. Akasema taratibu, bila ubaya: “Huyo siku hizi anapita ng’ambo ya barabara.”

Niliona aibu kama vile jina lile ni langu. Mangi hasali kanisani kwetu, na sijui kama anasali popote. Anachokijua kuhusu wokovu wetu amekiandika kwa mkono wake mwenyewe, na kila jioni anakijumlisha.

Kwa hiyo lipa. Huna zote? Peleka ulizo nazo, umwambie nyingine utaleta lini, na siku hiyo ikifika uende. Huna hata moja? Pita upande wake wa barabara, umsalimie, umwambie huna. Kukosa hela si dhambi. Kumkwepa mtu uliyekula unga wake huku ukimsalimia kila mtu kwa jina la Yesu ni jambo zito, na linamgusa Yesu mwenyewe kwa sababu jina lililoandikwa pale ni lake.

Ukitoka dukani, panda daladala. Umempa konda noti ya elfu tano, naye kwa msongamano na kelele akakurudishia chenji ya elfu kumi. Jioni anapeleka hesabu kwa bosi, na pungufu inatoka mfukoni mwake. Maneno ya kusema ni mawili tu: “Konda, umenizidishia.” Mkabidhi, nyamaza, na kituo chako kikifika ushuke. Usimhubirie. Akitaka kukuuliza atauliza, na hapo ndipo utakuwa na la kujibu.

Najua swali linalokuja: je, huko si kujionyesha? Swali ni halali, maana Yesu aligusa pande zote mbili katika hotuba ileile ya mlimani. Mathayo sura ya 5 anaagiza nuru yetu ionekane katika matendo mema. Ukifika sura ya 6 anaonya dhidi ya kutenda mema ili kutazamwa. Tazama basi ni vitu gani alivitaka vifanywe sirini. Ni sadaka, sala na kufunga. Deni la duka hakulitaja humo, wala chenji ya konda, wala ugomvi wako na jirani. Tena ugomvi aliutaja sura ya 5, akamtaka mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Sisi tumegeuza. Sala tumeziwekea spika, madeni tumeyafungia chumbani.

Kuhusu spika nitasema kidogo tu. Kabla ya mkesha, mzunguke majirani muwaulize nani ana mgonjwa na nani ana shifti ya alfajiri. Kisha geuzeni spika zielekee ndani.

Wazee wetu wa Uamsho hawakuhitaji mwongozo huu. Moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kwenye kituo cha misheni alikofanya kazi daktari Joe Church, ulipita Uganda, ukafika Kenya na huku kwetu Bukoba. Waliookoka waliimba na kuungama mbele za watu, kisha wakatembea. Walirudisha walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakawafuata waliokosana nao kuwaomba radhi. Walimwiga Zakayo wa Luka 19, aliyeahidi nusu ya mali yake kwa maskini na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Leo tumebaki na nyimbo zao, na tunaziimba vizuri. Ningependa turudie na zile safari zao.

Hatua ngumu kuliko zote iko nyumbani, na nimeiacha hadi sasa kwa sababu hata mimi inanichoma. Binti wa kazi anakujua kuliko mchungaji wako. Anajua unavyoongea simu ikishakatwa. Anajua nyama anayobakiziwa, na anajua mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi. Jumapili familia nzima inavaa, gari linawaka, yeye anabaki na sufuria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na yeye ni mfanyakazi. Usijisifu kwamba umempa upendo wa Kristo kabla hujampa haki aliyopewa na Bunge. Mlipe tarehe mliyokubaliana. Mpakulie kabla sufuria halijabaki ukoko. Muulize anapenda kwenda wapi siku yake, na kama ni msikitini, mpe nauli.

Ukimaliza hayo utakuwa umechoka, na pengine hakuna atakayekupigia makofi. Endelea hivyohivyo.

Na wewe unayepita ng’ambo ya barabara, kama unasoma hapa: Mangi anafungua saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya ibada ya kwanza. Ni shilingi 18,400. Nenda, ulipe, umwombe akate lile jina mbele yako.