Mwongozo wa Kumtumia Hakuna: Toleo la Nyanda za Juu Kusini

Ukipangiwa kazi Mbeya au Iringa, kabla hujanunua sweta, jifunze kwanza kumtumia Hakuna. Waingereza nao wanaye, wanamwita "nobody", na wanafunzi wetu hukutana naye kwenye Kiingereza cha kidato cha kwanza wakidhani ni mgeni. Ugeni gani? Huku kwetu ana kazi nyingi kuliko mtendaji wa kijiji. Ndiye aliyeacha geti wazi mbuzi wakaingia bustanini, ndiye aliyemaliza nyama iliyokuwa sufuriani, na ndiye aliyekuwa zamu siku mashine ya kusaga ilipoungua.

Sarufi kidogo, vumilia. Mwingereza akishamtaja "nobody", kitenzi hakikanushwi tena. Akikikanusha, aliyefukuzwa mlangoni anarudi kupitia dirishani. Hata kwetu ni hivyo hivyo: ukisema "hakuna asiyekuja", umeshajaza ukumbi. Jambo hili unaweza kuliona dogo mpaka siku ya rejesho ifike.

Mchukue mama mmoja wa Soweto, Mbeya, aliyeingia kwenye mkopo wa kausha damu. Asubuhi ya rejesho pikipiki inazimwa getini, hodi inapigwa, na mama tayari kajibanza nyuma ya pazia la chumbani, khanga kaikusanya mapajani isionekane kwa chini. Anamsukuma mwanawe wa darasa la pili, yule anayelipiwa ada ya inglishi midiamu kwa huo huo mkopo. Mtoto anasimama wima kama yuko paredi: "Nobody is not here!" Afisa mikopo, ambaye cheti chake cha chuo hakijawahi kumfaa namna hii, anaichambua sentensi taratibu. Hakuna ambaye hayupo. Kumbe wote wapo. Anavuta kigoda, anakaa. "Dogo, mwambie mama namsubiri. Na asihangaike na chai."

Kwa hiyo usimkabidhi mtoto Hakuna wa Kiingereza. Mwache aseme "hamna mtu" kwa Kiswahili chake, kisha anyamaze. Wataalamu watakwambia hapana ni ya hapa, hakuna ni ya huko, hamna ni ya mle ndani. Mdai hana muda wa tofauti hizo, anaangalia viatu vilivyovuliwa mlangoni. Viingize ndani.

Ukishaiva kwa wadai, panda uende Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, msimu wa viazi. Hapo utamwona Hakuna akifanya kazi ya mikono. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba cha kamba na viazi vingine vinapangwa humo, hadi linashindwa kusimama bila kuegemea jingine. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Sasa uliza ni nani anayelishona. Mkulima atakwambia hakuna anayependa lumbesa. Dalali atasema, "Bosi, hapa hakuna anayelazimishwa." Dereva wa Fuso, mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, ataapa kwamba hakuna aliyemwambia mzigo una uzito gani. Angalia ufundi huo: kila mmoja kaja na Hakuna wake, hawagongani, na hakuna aliyesema uongo. Gunia limejishona lenyewe. Mshahara wa Hakuna, hata hivyo, unatoka mfuko mmoja tu, wa mkulima, anayelipwa bei ya gunia moja kwa viazi vya gunia na nusu yake. Hapo utani unanikauka kidogo, lakini tuendelee.

Mabingwa wenyewe wako Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, wakakuta mwenyewe kashaondoka. Kuanzia hapo wakawa wanauliza. Wakaweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, fedha ambazo zingemwondolea mtu shida mpaka kwa wajukuu. Mkwawa alikula, alilala, alivuka mito, alipata habari za askari kabla hawajafika. Na aliyemwona alikuwa Hakuna, aliyempa ugali Hakuna, aliyempitisha porini usiku Hakuna. Karibu miaka minne. Alijipiga risasi mwenyewe Julai 1898, askari wakiwa wamemkaribia. Walichoweza kuchukua ni kichwa.

Baada ya vita kuu ya kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Zamu ya kuulizwa ikahama. Na Wajerumani, waliokuwa wamesikia jibu lile Uhehe kwa miaka yote hiyo, wakaonyesha kwamba walikuwa wanafunzi wazuri: hakuna aliyelitoa fuvu Afrika Mashariki. Waingereza nao wakaona halijulikani liliko, wakafunga faili.

Kilichowaangusha Wajerumani ni uzembe wa kazi. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen miaka ya 1950, alikuta jumba la makumbusho lenye mafuvu yapatayo 2,000, na yale ya Afrika Mashariki yametengwa peke yake. Yakapimwa, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, likachaguliwa lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga. Wahehe hawakuacha hata jivu la moto aliouota Mkwawa. Wenzao walisema hakuna, huku kitu chenyewe wamekipanga kabatini.