Jinsi ya Kufika Muleba Ukiwa Bado na Kiuno

Mzee wangu, kama umeshaamua kutoka Bukoba hadi Muleba kwa pikipiki yako mwenyewe, mimi sikuzuii. Wajukuu wamekuzuia wakashindwa. Ni zaidi ya kilomita 60, na kiuno chako hakijawa kipya tangu mwaka jana. Basi twende kwa mpango.

Anza na kiti. Boxer, TVS na ndugu zao zinazopita Kyetema kila siku ni za silinda moja, cc 100 hadi 150, na kiti chake kimetengenezwa kirefu ili kibebe abiria na mzigo. Makalio ya mstaafu hayakufikiriwa. Usikimbilie kuongeza kipande laini cha godoro. Kitakubembeleza mpaka Kemondo, kisha kitadidimia na mifupa yako itakutana na ubao. Mwambie fundi anayeshona viti akuwekee sponji ngumu, pana kwa nyuma, isiyoteremkia mbele, maana kiti chenye mteremko hukusukuma kwenye tangi na mikono ndiyo inayobeba mwili mzima. Kikalie hapohapo kwa fundi, nyayo zote mbili zikigusa chini. Kaa sana. Akichoka kukutazama, kaa tena.

Usukani nao aulegeze, auvute kwako kidogo mpaka viwiko vikunjike. Mzee aliyenyoosha mikono kama anayekimbiza kuku atafika na mabega ya mbao. Shokapu za nyuma huwa na ngazi za kukaza: ukimpakia mama, kaza. Ukiwa na mama na mkungu wa ndizi, mkungu upande basi. Upepo wa tairi pima asubuhi, kabla tairi halijapata moto.

Kuhusu baridi, waige vijana wa bodaboda bila aibu: vaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kizibwe. Magoti yaliyopigwa na upepo wa ziwa hukaza, na goti lililokaza huchelewa kwenye breki. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo koti la mvua liwe na suruali yake, na ndala zibaki nyumbani. Helmeti ifungwe kidevuni. Ikiwa mapajani haikingi kitu.

Sasa jambo lenyewe. Wazee hamsimami! Mnajivunia kufika bila kukanyaga chini, na ili msisumbuliwe na kibofu, hamnywi maji tangu jioni. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Mwili mkavu huchoka upesi, misuli hushikwa, kichwa huuma, na mwenyewe unalaumu pikipiki. Kunywa maji, waitu, na usimame Kemondo. Simama tena Muhutwe, hata kama hukuchoka, hasa kama unakata kona kupanda mlima wa Kamachumu. Tembea, nyoosha mgongo, tafuna kahawa, salimia watu. Dakika kumi hazimfukuzi mwenyeji wako. Vidole vikifa ganzi ujue umebana usukani kupita kiasi, legeza. Kwenye tuta inuka kidogo, uzito ubebwe na miguu, uti wa mgongo upumzike. Na kama unatumia dawa za presha au za usingizi, muulize daktari wako kabla ya safari. Wilaya ya Muleba ina hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Ziendee kumwona mgonjwa, usiende kuongeza idadi ya wagonjwa.

Kurudi ni kesho. Macho ya miaka 65 yakimulikwa na taa za lori huchelewa kuona tena, na katika kuchelewa huko kuna mbuzi, baiskeli isiyo na taa na mtu aliyevaa nguo nyeusi. Piga simu nyumbani, sema unalala Muleba, kisha omba maji ya moto ya kuoga.